LaVon Stubbs Akabidhi Funguo za Gari

Baada ya kuliendesha gari letu la msafara kwa miaka ishirini na minane, LaVon Stubbs anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba. Wageni wanaokuja Moab, mji wetu wa jangwani, kuendesha baiskeli za milimani huondoka wakiyasifia makorongo, mawe mekundu na viongozi wao. LaVon humkumbuka kwa tumbo, na mimi nimo katika kundi hilo.

Alikuja kwetu akiwa mjane mwenye watoto watatu, akitokea kwenye udereva wa basi la shule. Alimwambia bosi wetu wa wakati ule kwamba mtu aliyezoea kubeba basi zima la watoto wanaopigana hawezi kutishwa na ukingo wa korongo. Aliajiriwa siku hiyohiyo. Tangu hapo amebeba mahema, maji, magurudumu ya akiba, na lile sanduku la choo cha kambini ambalo hakuna kiongozi aliyewahi kujitolea kulifunga. Yeye hulifunga huku akiimba nyimbo za kanisani kwake. Dini yake haimruhusu kahawa, kwa hiyo huwapikia wengine bila kuionja, nayo hutoka nzito kama lami. Hakuna aliyethubutu kulalamika, maana anayelalamikia kahawa hujiweka mbali na pichi zake, matunda matamu anayoyaoka kwenye sufuria la chuma, makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

Wafanyakazi wenzangu mnaijua sheria ya kambi. Anayeshindwa kupanda mlima kwa baiskeli akaingia garini, ndiye anayeosha vyombo jioni, na kwa kuwa maji jangwani ni ya kupimiana, vyombo husuguliwa kwa mchanga kwanza. Ni utani tu. Lakini nimeona watu wazima wakiendelea kukanyaga huku wanatapika, ili mradi wasichekwe.

LaVon hakuivunja sheria hiyo hata siku moja. Aliizunguka. Chukua mfano wa Greg Pulaski, askari wa zimamoto kutoka Denver, pande la mtu, ambaye kiangazi kimoja jua lilimmaliza kabisa katikati ya Mwinuko wa Nyumbu, ule mpando mkali unaopita ukingoni mwa korongo. LaVon alisimamisha gari pembeni yake, akatoa kichwa dirishani.

"Wewe kaka mkubwa! Hebu njoo unitazamie ukingo wa upande huo."

"Mimi sijachoka, mama."

"Nani kasema umechoka? Nasema gari litaanguka. Au unataka kulala bila hema?"

Greg akapanda akiwa na uso wa mtu aliyeitwa kuokoa maisha. Jioni wenzake walipomrushia sponji, LaVon aliidaka hewani. "Mwacheni. Huyu hakupanda gari, huyu alikuwa kazini." Sijui ni wageni wangapi wamerudi makwao wakisimulia jinsi walivyolinusuru gari letu. Greg, kama jarida hili limekufikia, pole sana, ndugu yangu.

Sasa niseme la mwaka huu, kwa ruhusa yake. Mwezi wa tisa nilikuwa nyuma ya msafara, nikihakikisha hakuna mgeni aliyebaki. Wageni wote walikuwa wameshapanda Mwinuko wa Nyumbu, na maji yao yote yalikuwa garini. Nikafika chini ya mwinuko, nikakuta gari limesimama, injini imezimwa, na LaVon kaegemea mlango.

"Delbert, njoo unitazamie ukingo."

Nikacheka. "Hiyo waimbie wageni, mama. Mimi sijachoka."

"Najua hujachoka, mwanangu." Yeye hakucheka. "Jicho la kulia lina ukungu tangu asubuhi. Nilidhani vumbi. Nimelinawa na kulinawa, si vumbi."

Nikautazama mwinuko. Barabara ile ina upana wa gari moja, na upande wa kulia ni hewa tupu hadi chini kabisa korongoni. Ameipanda mara zisizohesabika. Angeweza kujaribu, na pengine angefika salama, na hakuna ambaye angejua kitu. Badala yake alinyoosha mkono wenye funguo. Madereva wapya, hapo ndipo ninapotaka msome mara mbili.

"Funga baiskeli yako juu ya gari," alisema. "Endesha wewe. Watu wana kiu huko."

Kwa hiyo akakaa kiti cha abiria, kulia kwangu, na sijawahi kumwona mtu akikaa vibaya vile. Kila kona mguu wake ulikanyaga breki ambayo haikuwepo. Ili nimchangamshe nikamwambia, "Haya mama, nitazamie ukingo." Akatoa kichwa nje, akageuza shingo ili atumie jicho zima, akaanza kuniamrisha: "Kushoto kidogo. Tena. We mtoto, taratibu, umebeba pichi zangu!" Tukafika juu, wageni wakanywa maji, wala hawakujua chochote.

Jioni, baada ya chakula, LaVon alikunja mikono ya shati, akavuta masufuria yote na kuanza kuyasugua kwa mchanga. Mgeni mmoja akamwambia hiyo si kazi yake.

"Leo nimepanda gari," akajibu. "Sheria ni sheria."

Wageni wakacheka sana. Mimi sikuweza. Nilichuchumaa nikachukua sufuria la pili, tukasugua pamoja. Mfuniko mmoja aliusugua muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

Daktari amesema jicho la kushoto ni zima na litaendelea kuwa zima, ila la kulia halitarudi. LaVon alimwendea bosi mwenyewe kumwambia, kabla hajaulizwa na mtu.

LaVon, kampuni nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu, na asubuhi nyingi za kulala mpaka jua lipande. Msafara wa kwanza wa Aprili utaondoka na kiti kimoja cha abiria ambacho hakuna mwingine atakayekikalia, nacho ni chako. Jioni ile nilikosa neno la kukujibu, na aibu ya masufuria yale umekwenda nayo nyumbani. Neno lenyewe ulikuwa umetufundisha wewe. Hukupanda gari, mama. Ulikuwa kazini.

Delbert Nakai, kiongozi wa misafara