Safari ya Mama Fumba Macho hadi Kona ya Duka la Dawa

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba mshona viatu na mama mkunga. Inasemekana alitambaa wiki moja tu, kisha akasimama na kushika njia. Dada yake mkubwa, ambaye yuko nasi hapa, bado analalamika kwamba utoto wake wote uliishia kumkimbiza.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1958, na ya sekondari akaimaliza mwaka 1969. Huko alikuwa mwanariadha wa kuruka mbali, yule wa kutua kwenye mchanga. Mwaka 1966 alivunjika mguu, akafungwa plasta wiki nane. Kila siku alifumba macho kitandani na kuruka mara ishirini, kichwani tu, akihesabu hatua za kukimbilia. Dada yake alimkuta jasho linamtoka.

"We mtoto, una homa?"

"Sina. Niko mazoezini."

Plasta ilipotolewa alishindana, akawa wa nne kati ya wanne, lakini hatua zake hazikupotea hata moja. Nafasi hiyo ya nne aliisimulia maisha yake yote kana kwamba alipewa kombe.

Alihitimu masomo ya kutibu kwa mazoezi ya viungo mwaka 1973, akaajiriwa katika hospitali aliyoitumikia miaka thelathini na minane, mpaka alipostaafu mwaka 2011. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido: vyuma viwili vya kushikia, kioo chenye ufa, na mstari mweupe wa mita sita sakafuni. Mgonjwa hakuruhusiwa kuukanyaga mstari ule kabla ya kuutembea kwa mawazo. "Fumba macho. Tembea. Ukifika, inua kidole." Naye hupima kwa saa ya kupimia mbio iliyoning'inia shingoni mwake. Kisha mgonjwa huutembea kwa miguu, naye hupima tena. Ndipo mji mzima ukamwita Mama Fumba Macho.

Katika madaftari yake aliandika umri wa mtu, mwanamke au mwanamume, na nyakati zote mbili. Vijana wa kiume walimchekesha, maana walifika kabla hajabonyeza saa. Wanaume wa makamo wengi walijiona kwa mbali, kana kwamba wamesimama dirishani wakimtazama mtu mwingine akipita. Wanawake wengi walimweleza walichohisi: ubaridi wa saruji, nyonga inayovuta. Na kadiri watu walivyozeeka ndivyo nyakati zao mbili zilivyozidi kuachana. Mwenyewe alionya kwamba hayo ni ya chumba chake tu, maana aliwahi kumpata bibi aliyekwenda mbio kichwani kuliko wavulana wote.

Fundi mwashi mmoja wa miaka sabini na minne aliinua kidole baada ya sekunde tatu.

"Umefika, mzee?"

"Zamani! Hata nimeshakaa."

Kwa miguu ilimchukua dakika moja na nusu, akihema.

"Kwani kichwani una miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Basi mwambie huyo wa thelathini na mmoja amsubiri mwenzake, asije akamwangusha."

Mume naye alimpata chumbani humo humo, tarishi wa posta aliyekuwa ameanguka na baiskeli ya kazi. Huyo alikawia sana kuinua kidole. "Mita sita tu, ulipitia wapi?" akamuuliza. "Nimekwenda mpaka kwenu, nikapiga hodi," tarishi akajibu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Desemba 1976, wakapata watoto watatu. Kila jioni walitembea kutoka nyumbani hadi kona ya duka la dawa na kurudi. Miguu ya tarishi ilikuwa ya kazi, kwa hiyo siku zote alitangulia, akaegemea ukuta wa kona na kumsubiri mkewe. "Njoo polepole," alimwambia, "barua haziozi." Tarishi alifariki mwaka 2015. Tangu hapo mama hakuupita tena mtaa ule. Hata mkate aliufuata kwa kuzungukia nyuma. Alimkumbuka sana mumewe, na hakumficha mtu.

Tarehe 9 Februari 2023 alipatwa na kiharusi upande wa kulia. Kitinda mimba wake, binti fundi cherehani, alihamia kwake kumuuguza, na wiki ya pili akamkuta sakafuni kando ya kitanda.

"Mama! Umeshukaje?"

"Nilikuwa nimeshafika dirishani." Akacheka, machozi yakimtoka. "Mimi huyu, nimefanya kosa la fundi mwashi!"

Baada ya hapo saa ikahamia shingoni mwa binti. Mama alifumba macho, na safari ilikuwa ile ile kila siku, hadi kona ya duka la dawa. Kidole kiliinuka baada ya dakika mbili, na uso ukamnywea.

"Umefika?"

"Nimefika. Hakuna mtu."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Hatimaye akaeleza: "Naenda kama msichana. Baba yenu hajawahi kufika nyuma yangu. Nikienda mbio hivi namkosa."

"Si umsubiri, mama?"

"Sijui kumsubiri. Ni yeye anayejua kunisubiri mimi."

Hakutamani tena kupona. Alitamani kumkuta mtu wake pale konani, na ilimbidi aende na mguu aliokuwa nao, ule unaoburuta. Kwa hiyo kila asubuhi alitembea kwa fimbo, mlango hadi mlango, ili kichwa kiujue mwendo halisi. Dakika mbili zikawa tano, zikawa kumi na moja. Binti alilia jikoni, akidhani mama anazidi kuzorota. "Usilie," mama akamwambia. "Kichwa na miguu vimeanza kupatana."

Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, saa nne asubuhi, mwenyewe alimwomba binti aanzishe saa. "Leo usiniulize kitu," akasema, akafumba macho. Zikapita dakika kumi na moja, zikapita ishirini. Katika dakika ya ishirini na tatu binti aliona kidole cha mkono wa kushoto kinainuka. Kisha kikainuka cha pili kando yake. Mama alilala hivyo hivyo, uso umetulia, na saa saba mchana pumzi ikakata. Binti hakukumbuka kuisimamisha saa. Hata ilipofika jioni, saa ilikuwa bado inakwenda.

Marehemu ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu saba, kitukuu mmoja anayetambaa, madaftari kumi na moja, na watu wengi waliosimama hapa kwa miguu aliyowafundisha upya. Asubuhi hii, tulipomleta, tulipita kwenye kona ya duka la dawa, na tulikwenda polepole kama binti yake alivyotuomba.

Apumzike kwa amani, na aliyekuwa akimsubiri naye apumzike kusubiri.