Mama Kijiko na Udongo wa Ukweni

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma, na kwa kuwa leo hawezi kunikatiza kama ilivyokuwa kawaida yake, nitasoma hadi mwisho.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule mwaka 1968, na mwaka 1975, akiwa kidato cha kwanza, kitindamimba wetu alifariki kwa kidonda cha mguu ambacho dawa zote za hospitali ziligonga mwamba, ndipo akaapa kutafuta dawa ambayo vijidudu vile havijaizoea.

Alihitimu chuo kikuu mwaka 1985, akaajiriwa katika maabara ya utafiti, kazi yake ikiwa kuotesha bakteria wa udongo kwenye sahani zenye vijidudu vya vidonda, aone ni yupi anayewaua majirani zake, na karibu kila alipompata muuaji, dawa yake ilikuwa imeshajulikana zamani, akaanza upya bila kununa. Akikutembelea, hakai kitini kabla hajachota kijiko cha udongo uani kwako, ndiyo maana tukamwita Mama Kijiko.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1987 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, ila nusura ndoa ivunjike siku hiyohiyo, maana bibi harusi alionekana akichota udongo nyuma ya bafu la ukweni, wifi zake wakapiga yowe kwamba wameletewa mchawi, na mama mkwe akamnyang'anya kijiko, akakifungia kabatini.

Jamani, yule mama ni mgumu! Hakulainika mpaka mwaka 2006, mjukuu wake, mmoja wa wale mabinti wawili, alipolazwa na kidonda kama kile cha ndugu yetu, akapona kwa shida, na bibi akamkuta mkwe wake akilia koridoni. Kesho yake alifika maabara mwenyewe, na kopo la udongo wa nyuma ya bafu, akaliweka mezani bila hata salamu. Udongo huo ndio uliotoa bakteria mwenye dawa isiyojulikana popote, dawa ambayo leo inajaribiwa kwa wagonjwa, na sisi ukoo mzima tunatembea vifua mbele.

Alianza kuugua figo Januari 2023, akafariki tarehe 2 Juni 2024, mabinti zake wakiwa wamemshika mikono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia, na wenzake wa maabara.

Aliacha agizo moja, kwamba kabla kaburi halijafunikwa kichotwe kijiko cha udongo wake, kipelekwe maabara, kwa kuwa hapa hajawahi kuchota. Wenzake wamegombania heshima hiyo tangu asubuhi, hadi mama mkwe, huyu aliyekaa mbele yenu, alipofungua mkoba wake na kutoa kijiko kilekile cha siku ya harusi.

Pumzika, dada yangu, mama anakuja kuchota.