Naitoi Leboo na Ramani ya Rangi Mbili

Wazee wetu, ndugu na majirani mliofika, familia inawasomea kwa heshima maisha ya mpendwa wetu Naitoi Leboo, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa Mazingara, wilayani Handeni, mtoto wa tatu wa Mzee Leboo na Mama Nkasiogi, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1974 hadi 1980, kisha sekondari Korogwe, alikohitimu 1984.

Mwaka 1989 alifunga ndoa na Bwana Yordani, wakaishi Kilole, wakajaliwa watoto wawili, Siamanta na Lenku.

Mwaka 1993, biashara za watu binafsi zilipokuwa zikifunguliwa kila kona, aliajiriwa katika duka la uchapaji la Bwana Kasmiri mjini Korogwe, na kompyuta ilipoletwa 1995 alijifunza mwenyewe kuiandikia programu, akisoma kitabu kilichokuja nayo mpaka kikachanika.

Oktoba 1997 wafugaji na wakulima wa kata hii walikuwa karibu kushikana mashati kwa ajili ya bonde wanalolitumia wote, wakaagiza kwake ramani ya kupeleka kwenye mkutano wa usuluhishi, malisho kwa kijani na mashamba kwa njano, lakini pale bondeni rangi zilizoonekana zote mbili kwenye kioo cha kompyuta, printa ilizipaka moja juu ya nyingine, malisho yakayafunika mashamba, na Mzee Mwinjuma Mdoe, mmoja wa wakulima, akasema wazi kwamba binti wa mfugaji amewafuta wakulima. Maneno hayo yalimchoma sana Naitoi. Akakumbuka shuka ya mama yake, ambamo uzi mwekundu na wa buluu hupishana na kila mmoja huonekana, akaandika programu ya kujaza rangi kwa nukta, moja ipakwe, moja irukwe, ila mara ya kwanza nukta za malisho ziliangukia juu ya nukta za mashamba, zikazifunika tena, naye akazisogeza nafasi moja tu, na pale bondeni kijani na njano vikatokea pamoja. Tulioiona mkutanoni tuliduwaa, Mzee Mwinjuma akaipeleka karatasi dirishani, akaitazama mpaka tukaanza kuogopa, kisha akamwomba radhi mbele ya watu wote, na tangu hapo bonde linatumiwa kwa zamu.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2002, akatibiwa Korogwe na Tanga, akafariki tarehe 9 Juni 2003, akiwa na miaka 37, akiwa ameomba azikwe ukingoni mwa bonde, palipo na rangi mbili kwenye ramani yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kilole, wafanyakazi wenzake, na vijana wa pande zote mbili waliochimba kaburi jana, na Mzee Mwinjuma, ambaye tulimsihi apumzike kwa umri wake, akakataa, akawa wa kwanza kushika jembe.

Naitoi, tunakulaza ulipotuonyesha, pumzika kwa amani.