Naondoka na Miguu Yangu

Sogeeni karibu, wanangu, na anayetaka kulia akalie uani, maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kushindana na vilio. Moyo wangu ndio uliochoka, nami sibishani nao. Umefanya kazi kuliko cherehani yangu. Lakini jueni, na wewe wifi yangu uliyejibanza mlangoni usikie pia, kwamba kisukari hakikuupata mguu wangu. Kilipata kidole kimoja, kikashiba hapo hapo kwa lazima.

Kisa cha kidole mmesimuliwa na wifi, basi leo nisikilizeni mimi. Nilikuwa nashona pekupeku, kama mafundi wengi wa zamani, kwa kuwa mguu mtupu ndio unaoisikia pedali. Kumbe kisukari kilikwisha kuninyang'anya hisia za nyayo, nami sina habari. Pini ikadondoka, nikaikanyaga, nikapiga pedali kutwa nzima nayo imo ndani ya nyama, huku naimba, mpaka mwenye gauni la harusi akauliza ni rangi gani ile iliyoingia kwenye upindo. Ilikuwa damu yangu. Kidonda kikapona, kikarudi, kikapona, kikarudi, hadi kidole kikakatwa, na wifi akawaambia majirani kwamba leo kidole, kesho goti, kesho kutwa jeneza. Nikaapa hataiona siku hiyo.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya chai, nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikaegemeza kioo ukutani, nikazikagua nyayo zangu kama trafiki anavyokagua leseni. Niliosha miguu kwa maji ya uvuguvugu niliyoyapima kwa kiwiko, nikaifuta mpaka katikati ya vidole, nikapaka mafuta kila mahali isipokuwa hapo katikati, na viatu nikavikung'uta hata kama nimevivua sasa hivi. Sugu sikuigusa kwa wembe, niliipeleka kliniki. Mkanicheka, mkaniita Bibi Kioo. Zilikuwepo siku za uvivu, siku za msiba, siku nilizoamka nimewakasirikia wote, na siku hizo nilizitazama nyayo kwa hasira hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa nyama hauna fundi.

Sasa mali. Nyumba ni yenu wote, msigombanie kuta. Cherehani ni ya binti yangu, kitinda mimba wangu, kwa sababu mkono wake ni mwepesi, na kwa sababu kisukari amekwisha kunirithi bila kungoja wosia. Lakini siku atakayoshona pekupeku, wewe kaka yake, kifungua mimba wangu, ibebe cherehani hiyo umpe mtu mwenye viatu. Wifi, yale ya jeneza nimekusamehe nusu. Nusu nyingine tutaimalizia huko mbele.

Kulazwa chini kwenye godoro kuna faida moja, macho yanakuwa usawa na miguu ya watu. Kitinda mimba, mbona soksi yako ina doa kisiginoni? Usiufiche mguu. Ivue... Kaka yako akusaidie.

Nilijua. Kidonda.

Unasema hakikuumi. Mwanangu, hata ile pini haikuniuma. Ndiyo maana naogopa, na leo siogopi kitu kingine chochote.

Mpeleke hospitali, kifungua mimba, dereva wangu, sasa hivi. Asikanyagie mguu huo. Mbebe mpaka kwenye gari. Na wewe, kitinda mimba, usiniambie utakwenda baada ya mazishi, maana nazijua shughuli za msiba, utasimama na kutembea siku nzima na kidonda kikichimba. Maiti husubiri. Kidonda hakisubiri. Nikiondoka ukiwa bado umelazwa, wanizike bila wewe, na atakayekusema aambiwe ni mimi niliyekutuma... mimi, mama yako.

Nipeni maji. Kijiko kimoja kinatosha.

Nawabariki, wanangu, kuanzia utosini hadi unyayoni. Mungu awalinde mnapokanyaga... na mtazame, kila siku mtazame... Usinishike, binti yangu, niachie. Utanishika ukirudi, nikiwepo.

Wifi, acha mlango, njoo ukae hapa. Nipe mkono wewe. Wao wana safari.

Nendeni. Nataka nisikie gari likiondoka.