Ruhusa ya Kutoboa Mninga wa Ipole

Ndugu waombolezaji, wazee wangu shikamooni, watani zetu Wagogo mliotoka Manyoni poleni na safari, mimi naitwa Dionis Mayala, mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea historia ya dada yetu, kazi ambayo sikuiomba na simtakii mtu yeyote aipate.

Marehemu Agnetha Mayala Kasele alizaliwa tarehe 3 Mei 1979 katika kijiji cha Ipole, Sikonge, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mayala Kasele, aliyekuwa mrina asali, na marehemu mama Benedikta, akabatizwa mwaka huohuo, na wanaoukumbuka utoto wake wanasema alikuwa mbishi tangu hajaota meno, jambo ambalo mimi niliyelala naye mkeka mmoja nalithibitisha.

Alianza darasa la kwanza hapohapo Ipole mwaka 1987, akamaliza la saba mwaka 1993, akaja kusoma sekondari hapa Tabora, na baba yetu alipofariki tarehe 17 Machi 1999, dada akiwa bado shuleni, ni Baba Mdogo Raymundi, mdogo wa baba, aliyetuchukua sisi sote na kumsomesha yeye hadi kidato cha sita mwaka 2000, halafu Morogoro alikohitimu shahada ya misitu mwaka 2004, na majirani walipouliza binti anasomea nini, Baba Mdogo akawa anajibu kwamba anasomea pori, watu wakacheka, kwani pori lilikuwa limeisha nyumbani?

Tarehe 12 Agosti 2006 alifunga ndoa na shemeji yetu Yohana Chilewa, Mgogo, ambaye babu zake waliwasumbua sana babu zetu wapagazi kila misafara ilipokatiza kwao kwenda pwani, nasi tulimwambia wazi siku ya harusi kwamba ameoa ili aendeleze pale walipoishia, wakajaliwa mabinti wawili, Shukrani aliyezaliwa mwaka 2008 na Julieth mwaka 2012, wako hapo mbele, naomba tusiwachoshe kwa maswali.

Kuanzia mwaka 2007 alifanya kazi ya utafiti wa misitu, na kazi yenyewe niieleze vizuri maana imezushiwa mengi, hakuwa akitafuta madini wala dawa za kupeleka Ulaya, alikuwa akitafuta ukame wa zamani. Mninga kila msimu wa mvua huongeza pete moja ndani ya shina, mvua ikiwa nzuri pete inakuwa pana, ikikosekana inakuwa nyembamba, basi yeye alitoboa kwa keekee ya mkono, akatoa kijiti chembamba kama penseli, akausoma mti bila kuuangusha, kisha akaziweka pete hizo kando ya masimulizi ya wazee wetu kuhusu njaa zilizohamisha vijiji enzi za misafara, kwa sababu ilimuuma mno kusikia watu mikutanoni wakisema kwamba wenyeji wa huku hawana kumbukumbu, wana hadithi tu. Na alikuta kwamba ile miaka ambayo wazee husema watu walikula mizizi, pete zimekonda kama uzi, na si moja, zimefuatana.

Tarehe 9 Oktoba 2016 aliutoboa mninga uliopo kwenye kaburi la babu wa ukoo wetu, kule Ipole, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, na hapa wageni waelewe kwamba kwetu mashamba ni ya wana wa kiume, lakini kaburi lile liko mikononi mwa binti mkubwa wa ukoo, yeye ndiye anayenyunyiza maji ya unga na yeye peke yake ndiye anayemruhusu mtu kulisogelea, naye ni Shangazi Suzana, ambaye siku hiyo alikuwa Nzega akiuguza, wala hakuulizwa. Mninga ukijeruhiwa hutoa utomvu mwekundu, kila seremala analijua hilo, ukatiririka mpaka kwenye mawe ya kaburi, watu wakaona, na msimu ule mvua ikagoma, mahindi yakakaukia shambani, ng'ombe wakafa, tukazika watoto wa majirani zetu, ikasemwa kwamba Agnetha amemtoboa babu na babu ameondoka na mvua yake. Jamani, mtu aliyekuwa anausoma ukame ndiye aliyeambiwa ameuleta!

Ukoo ukampiga marufuku kukanyaga nyumbani, na mama Benedikta alipofariki tarehe 20 Februari 2019 dada alizuiwa barabarani, akasimama kwenye jua na kitenge chake mpaka tulipotoka makaburini, mama yake mzazi akazikwa yeye asitupe hata konzi ya udongo, na tangu siku hiyo sikumsikia tena akilitaja jina la Ipole.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa hapa Tabora na baadaye Dar es Salaam, akarudishwa nyumbani, na Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia. Katika wiki yake ya mwisho aliniambia kwamba hakwenda kaburini kama mwizi, aliomba ruhusa na akapewa na Baba Mdogo Raymundi, aliyemwambia kwamba mkubwa wa ukoo sasa ni yeye mwenyewe Raymundi na mambo ya Suzana yamepitwa na wakati, tena akamshikia na keekee. Nikamuuliza kwa nini amebeba peke yake miaka yote hii, akasema Baba Mdogo ndiye aliyemsomesha, na kwa uzee ule wangemfukuza aende wapi, kisha akanikataza nisiseme. Nimesema, dada, nisamehe.

Shangazi Suzana amefika jana, nikampa habari hizo, akanijibu kwamba angeulizwa angekwenda mwenyewe kunyunyiza unga na mti ungetobolewa, lakini hataki kulipata neno hilo kwangu, aliyeruhusu aseme kwa kinywa chake mbele ya watu, na hapo Agnetha atakwenda Ipole kulala ubavuni mwa mama yake, vinginevyo kaburi limeshachimbwa hapa mjini na gari liko nje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Isevya kwa kuni, maji na uji wa mgonjwa, na wafanyakazi wenzake waliojitolea damu hata alipokuwa hana tena nguvu ya kuwaambia asante.

Dada, pumzika kwa amani, ingawa mahali pa kupumzikia bado hatujakupatia.

Baba Mdogo Raymundi, shikamoo. Naomba usimame.