Maisha ya Calist Laurenti Msengi, na Sifa Zilizochelewa

Viongozi wetu wa dini, wazee wetu shikamooni, ndugu waombolezaji, mimi Damari, dada yake marehemu, nimetumwa na familia kusoma, na naomba mnivumilie, maana nitasoma yote kama yalivyokuwa.

Calist Laurenti Msengi alizaliwa hapa Itigi tarehe 14 Agosti 1983, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Laurenti, fundi wa reli, na mama yetu Jenifa, ambaye yupo hapa mbele yenu. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia 1991 hadi 1997, akamaliza kidato cha nne Manyoni mwaka 2001 na cha sita Dodoma mwaka 2004, kisha akasomea uhandisi wa kompyuta Dar es Salaam, akahitimu Novemba 2008. Tarehe 18 Juni 2011 alifunga ndoa na Loyce, wakajaliwa watoto wawili, Ritha mwaka 2012 na Eliya mwaka 2015.

Tarehe 2 Juni 2014 aliajiriwa Dar es Salaam na kampuni kubwa ya teknolojia yenye ofisi dunia nzima, ambayo familia imeamua nisiitaje jina. Huko alitengeneza programu iliyowawezesha mafundi wa nchi tisa kuona hitilafu kabla wateja hawajaanza kulalamika, na alichokitamani kilikuwa kimoja tu, apandishwe cheo awe mhandisi mkuu.

Katika kampuni hiyo, kila Novemba mfanyakazi hujaza fomu ya kueleza ubora wake mwenyewe, kisha huteua mwenzake amshuhudie. Sasa sisi tumelelewa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hata ukweni kijana hajisifii, anaye mshenga, kwa hiyo Calist alijiandikia mistari miwili, akamwachia mengine shahidi wake, Gasto. Huyu Gasto, ni Calist aliyemwombea kazi hapo mwaka 2016, akamkaribisha nyumbani kwake miezi minane, Gasto akala chakula cha Loyce, na kila mwaka Calist alimwandikia kurasa nne za sifa, akiamini naye anaandikiwa hivyo hivyo.

Mwaka 2021 aliyepanda cheo ni Gasto, akawa mkubwa wake, na Calist akatupigia simu akifurahi, akisema zamu yake inafuata. Tarehe 17 Januari 2024 aliitwa kwenye kikao cha njia ya kompyuta kilichochukua dakika saba, Gasto akamsomea kwamba amepunguzwa kazini, na alipokabidhiwa jalada lake ndipo akayaona aliyoyaandika Gasto miaka mitano mfululizo, kwamba Calist ni mtu mwema lakini bila kuongozwa hawezi, na kwamba ile programu ni kazi ya Gasto. Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu zangu.

Alirudi hapa na familia yake, akafuga nyuki, akacheka na watu, lakini aliacha kula vizuri, na Loyce alipomsihi ampigie Gasto amuulize, alimjibu kwamba haoni aanzie wapi. Shinikizo la damu liligunduliwa Machi 2025, tarehe 9 Septemba akapata kiharusi, na tarehe 21 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka 42.

Jana dereva wa kampuni alileta barua ya rambirambi iliyosainiwa na Gasto, tumeombwa tuisome hapa, na ndani yake marehemu anaitwa nguzo, mbunifu asiye na mfano, na mwenye programu ile. Ritha, ambaye ndiye aliyeifungua, alimuuliza mama yake kwa nini baba hakuambiwa haya akiwa mzima. Barua hiyo haitasomwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku kumi na mbili, majirani waliotupikia na kukesha nasi, wafugaji nyuki wa Mitundu, na wale wafanyakazi wenzake wanne waliokuja kwa basi bila kutumwa na mtu.

Kaka Calist, ulikuwa fundi hodari kuliko wote waliokuwa juu yako, nasi ndugu zako tulikuwa tunalijua hilo na hatukukwambia, utusamehe, na Mungu akupumzishe kwa amani.