Chumba Kikavu cha Elinipa

Wasikilizaji wapendwa, niseme ukweli. Leo nimekaa mbele ya kipaza sauti na sijisikii kusema chochote. Tumempoteza Dakta Elinipa, mtafiti wa betri, binti wa Meru. Jumapili aliumwa kichwa. Jumanne hatunaye.

Betri ya simu yako ina kimiminika ndani, na kimiminika hicho kinaweza kuwaka moto. Elinipa alitaka betri isiyo na kimiminika kabisa. Alikuwa anashindilia unga wa kemikali mpaka unakuwa kidonge kigumu, umeme upite humo. Adui yake alikuwa unyevu. Unga ule ukipata unyevu kidogo tu, unanuka yai viza, na kazi imeharibika. Ndiyo maana pale Lemara, kwenye maabara yake, alikuwa na chumba kikavu, hewa yake imeondolewa unyevu. Na masika yetu mnayajua, ukungu unaingia mpaka kabatini.

Mama yake, Mama Penina, alikuwa akishuka kutoka shambani na loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, anaishia kwenye benchi la nje.

"Nikamwuliza, mwanangu, mimi nina uchafu gani?" anasimulia. "Akacheka. Akasema, mama, huna uchafu, ila hata pumzi yako ina maji."

Basi wakawa wanakula loshoro nje, miaka yote.

Kidonge chake cha mwisho kilikuwa bora kuliko vyote. Alikiacha mezani mle chumbani, hakijafungwa ndani ya betri. Kikiharibika, hakuna mwingine wa kukitengeneza. Baada ya mazishi Mama Penina akaomba kitu kimoja tu: akione.

Wasikilizaji, mama huyu hakulia msibani. Hakulia kaburini, kule mgombani. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi aliniambia, "Nilijua nikianza sitaacha. Na nilitaka kuingia mle chumbani, na machozi nayo ni maji."

Gerson, msaidizi wa Elinipa, akamvalisha koti na barakoa. Mama akasimama mbali na meza, kiganja mdomoni. Kidonge chenyewe kidogo, kama kifungo cha shati. Gerson akakifunga ndani ya betri, akakaza. Taa ndogo iliyounganishwa nayo ikawaka.

"Mama, imeshafungwa. Sasa unaweza kulia."

"Bado," akasema. "Nitoe nje kwanza."

Akaketi kwenye benchi lile lile. Hapo ndipo alipolia.

Pole sana, Mama Penina. Pole, Gerson, na ukoo mzima. Nawe unayenisikiliza, nyumbani kwako yuko mtu ambaye kazi yake huielewi. Mwulize leo, hata kama atakujibu ukiwa nje ya mlango.